WRX inapanda na kushuka sailensi baada ya kuwekwa injekta kubwa: nilivyoitibu yangu

Mkuu, umesema Subaru WRX yako ya 2002 yenye injini ya EJ205, tangu uweke injekta kubwa (vipulizi vya petroli), bomba pana la hewa na blo-ofu (valvu ya kuachia presha ya turbo ukiachia mafuta) inayotoa hewa nje, ikisimama kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inapanda hadi RPM (mizunguko kwa dakika) 1,500 kisha inaanguka hadi 500, na ukiachia mafuta karibu na taa za barabarani inazima kabisa. Fundi anataka ununue kontroo boksi (kompyuta ya injini) nyingine. Tafadhali usinunue. Yangu yenye injini hiyohiyo ilinitesa miezi minne, na kontroo boksi ilikuwa nzima muda wote.

Injini hii ina sensa ya hewa mara tu baada ya filta. Hewa yote inatakiwa ipite pale ihesabiwe, ndipo petroli ipimwe kulingana nayo. Hewa inayoingilia baada ya sensa hiyo mimi naiita ya magendo: imekwepa forodha, lakini ndani ya silinda inadai petroli yake. Barabarani huioni, maana injini inavuta hewa nyingi. Kwenye sailensi, ufa mdogo tu unachangia sehemu kubwa ya hewa yote, kontroo boksi inahangaika kuongeza na kupunguza, na mshale unayumba.

Blo-ofu ni kinyume chake. Inatupa nje hewa ambayo tayari imehesabiwa, petroli yake inabaki, mafuta yanazidi ghafla, gari inazima. Huko kuzima kwako kwenye taa nakuweka hapo kwanza. Ile ya kiwandani huirudisha hewa kwenye bomba linaloelekea turbo. Niliirudisha, na kuzima kukaisha siku ileile. Na kama springi ya blo-ofu ni laini, hukaa wazi kwenye sailensi na kuvuta hewa ya magendo, hivyo unapata matatizo mawili kwa mpigo.

Lakini kuyumba kukabaki. Nikachukua kipande cha bomba la plastiki, nikakiziba upande mmoja na kupachika valvu ya tairi ya tubeless, nikakifunga mahali sensa ya hewa inapounganika na bomba la kwenda turbo. Fundi pancha wa jirani akanipa kompresa. Tuliweka psi 10 tu, tukapaka maji ya sabuni kila kiungo. Hapakuwa na povu popote pa kuonekana, ila kulikuwa na mluzi chini kabisa ya inteki manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwa silinda). Ni lile bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, linalopita chini ya manifoldi. Likizeeka hukakamaa, na mtu akinyanyua manifoldi kubadilisha kitu linapasuka mahali ambapo jicho halifiki. Langu lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Naamini lilipasuka siku ya kufunga injekta, na yako ilifanyiwa kazi hiyohiyo.

Kabla ya kipimo hicho, gereji moja ilikuwa imekaza skrubu ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) ili kupandisha sailensi. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu linafanywa kila siku. Ile si skrubu ya sailensi. Ukiigusa, sensa ya throto inaweza isisome tena kwamba umeondoa mguu kwenye pedali, na kontroo boksi ikaacha kusimamia sailensi ipasavyo. Kama yako imeguswa, irudishe kwanza, usafishe na valvu ya hewa ya sailensi.

Baada ya hapo soma kwa kompyuta marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kontroo boksi inaongeza au kupunguza. Programu ya bure ya RomRaider inatosha, ukiwa na kebo sahihi. Yangu kabla ya kuziba ufa yalikuwa +22% kwenye sailensi na +12% kwenye RPM 2,500. Tofauti hiyo ndiyo dalili ya hewa ya magendo: kubwa chini, ndogo juu. Baada ya kuziba yakabaki +11% kote. Hiyo iliyobaki ilisababishwa na bomba pana, kwani hewa inapita polepole mbele ya sensa, na sensa inasoma pungufu. Hapo ndipo ramani (majedwali ya petroli ndani ya kontroo boksi) inarekebishwa, si mapema.

Kilichonichelewesha zaidi ni injekta. Kila injekta inachelewa kufunguka, takriban milisekunde 1, na betri ikishuka volti inachelewa zaidi. Kwenye sailensi injekta kubwa inapewa kama milisekunde 2 tu, kwa hiyo kosa la 0.2 ni moja ya kumi nzima. Yangu ilitulia mchana, usiku nikiwasha taa, feni na AC inatetemeka. Nilikuwa nimebadilisha ukubwa wa injekta kwenye ramani na kuacha jedwali la ucheleweshaji la zile za zamani. Muuzaji akupe jedwali hilo kwa kila volti. Asipokuwa nalo, usinunue kwake.

Kama umebadilisha na kamshafti, mtetemo kidogo ni wa kawaida, pandisha lengo la RPM za sailensi hadi 900 au 1,000 kwenye ramani.

Sasa hivi yangu inakaa 750, AC ikiwaka au ikizimwa. Pima kwa kompresa wikiendi hii, kisha weka hapa marekebisho yako ya sailensi na ya 2,500, pamoja na cc za injekta (ukubwa wake). Nitakusaidia kuzisoma.