Umeangalia pedi ya ndani?

Kwa muda mrefu niliamini naijua vizuri hali ya breki za IST yangu. Kila nikiosha gari nilichungulia kwenye matundu ya ringi, nikaona pedi ya nje, kile kipande kinachobana diski ya tairi, bado imenona, basi roho kwatu. Kumbe nilikuwa nakagua pedi isiyo na ugonjwa.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar, tunashuka mlima Kitonga nyuma ya lori. Kona ya pili nikasikia krrr, chuma kwa chuma, tairi la mbele kushoto. Nikatia gia kwenye L, yaani gia ndogo, nikaiacha injini ishike gari, tukajikongoja hivyo hivyo hadi chini.

Fundi tuliyempata Ruaha Mbuyuni akafungua tairi. “Bosi, hii ya nje bado. Tatizo mwenzake.” Akachomoa pedi ya ndani: bati tupu la mgongoni, pedi yenyewe imeisha. Upande wa ndani wa diski, lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, ulikuwa na mifereji ambayo ukucha unaingia.

Gari ndogo nyingi zina pistoni upande mmoja tu wa kalipa (kile chuma kinachoshika pedi zote mbili), yaani ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani ibane diski, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ile ya nje nayo ibane. Mpira wa pini ukipasuka, vumbi na maji vinaingia, grisi inakauka, kalipa inagoma kuteleza. Hapo pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Ndicho kilichonipata.

Kwa hiyo mwambie fundi afungue tairi na muangalie pedi zote mbili, ndani na nje. Pedi mpya huwa na unene wa karibu milimita 10 bila kuhesabu bati. Ikibaki 3, badilisha, na ubadilishe pedi za matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukikuta moja imeisha sana kuliko mwenzake, usikubali kufungiwa pedi mpya tu. Pini zichomolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki. Ile grisi ya kawaida ya gereji inavimbisha mipira, na mafundi wengi ndiyo wanayoishika kwanza.

Kuna pedi zenye kiulimi cha chuma kinachogusa diski zikikaribia kuisha, kikalia kama filimbi. Huo ni mlio wa hisani. Pedi zangu za bei chee hazikuwa nacho, ndiyo maana mlio wa kwanza niliousikia ulikuwa wa chuma kula chuma.

Angalia pia kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zikipungua, pistoni inasogea nje na mafuta yanashuka taratibu. Usikimbilie kujaza kabla ya kuangalia pedi na kama kuna sehemu inavuja. Ukijaza hadi juu, siku ya kufunga pedi mpya pistoni itarudishwa ndani, mafuta yatafurika, na yakimwagikia bodi yanababua rangi.

Pedi zangu ziliagizwa Iringa, zikaja na basi jioni. Diski nilibadilisha Dar, zote mbili za mbele.

Lile bati tupu ninalo kwenye buti mpaka leo. Fundi akichungulia ringi na kuniambia pedi bado nzima, namtolea.