Weka chini hiyo urea! Bogenvilia haichanui kwa kushibishwa

Mkuu, huo mfuko wa mbolea ya urea urudishe dukani. Kama hawapokei, mpe jirani mwenye mahindi. Usiufungue.

Nilikuwa napita tu humu, lakini swali lako limenitonesha kidonda. Yote uliyoambiwa wewe niliambiwa na mimi, mpaka idadi ya vizibo.

Kwa watakaochelewa kuingia: mleta uzi yuko Ilazo hapa hapa Dodoma, ana bonsai (mti unaofupishwa chunguni) ya bogenvilia ya pinki kwenye chungu bapa. Tangu aitoe kitaluni haijatoa ua hata moja, ni majani na miiba. Aliyemuuzia kamwambia aweke vizibo viwili vya urea, amwagilie asubuhi na jioni, na aihamishie kwenye chungu kikubwa "ipate nafasi". Anaanza Jumamosi. Kauliza pia atumie waya gani kupinda matawi, na kama tawi la maua meupe linaweza kupandikizwa juu ya shina la pinki. Waya na kupandikiza tuviache kwa leo, kwanza tuokoe mti.

Kizibo cha soda ni kipimo cha shambani. Kinabeba kama gramu tano, unakiweka pembeni ya mhindi, na mhindi una ardhi yote ya Mungu ya kutandaza mizizi. Mbolea ikizidi kidogo, mvua inaishusha chini. Sasa chungu chako kina udongo kiasi gani, lita mbili? Tatu? Urea ni naitrojeni asilimia 46. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba, inakatika ukiitazama vibaya, na humo ndani haina pa kukimbilia. Vizibo viwili mle ni kuipikia sumu.

Mimi kisiki changu cha bogenvilia nilikipata kwenye uzio wa nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa. Shina nene, limejipinda lenyewe, gome limepasukapasuka, umri wake hata mwenye nyumba hakuujua. Nilikilipia hela ambayo mke wangu mpaka leo anadhani ilikwenda kwenye matengenezo ya pikipiki. (Kama unasoma hapa, mama watoto, tutaongea nyumbani.) Kikashika vizuri, kikachipua. Hapo ndipo nikaenda kwa jamaa mmoja wa kitalu kuuliza mbona hakitoi maua. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Kaka, huyo ana njaa."

Nikamlisha. Na ubaya wa urea ni kwamba mwanzoni inakupa furaha. Majani yakawa makubwa, kijani kibichi, machipukizi yakarefuka kama fimbo za kuchungia ng'ombe. Nikapiga picha, nikarusha kwenye kundi letu la maua, watu wakanipigia makofi. Maua hakuna. Miiba ndiyo ilikuwa mirefu, imenichana mikono mpaka kazini wakaniuliza kama nimefuga paka. Nikarudi kwa jamaa. Akasema niongeze, maana "ameshaonyesha anakula". Nikaongeza. Na maji asubuhi na jioni, kama mwongozo ulivyotaka.

Kilichofuata ni kingo za majani kuungua, rangi ya kahawia, kavu, ilhali udongo umelowa chapachapa. Majani yakapukutika. Mimi naona majani yamelegea, nadhani ni kiu, namwaga maji tena. Siku nilipokitoa kwenye chungu, mizizi ya chini ilikuwa myeusi, inavuta harufu ya mtaro, na gome la upande mmoja wa shina linabanduka kwa kidole. Nusu ya mti ule ilikufa. Nusu ya mti uliokaa miaka na miaka kwenye uzio bila mtu kuumwagilia hata kikombe, ukaja kufia mikononi mwa mtu aliyeupenda.

Nikamrudia jamaa wa kitalu. Unajua alisema nini? Kwamba nilimwagilia kidogo. Kidogo! Halafu akanionyesha kisiki kingine, na bei imepanda. Asee, mtu huyo anauza miche, na wewe ukiua mche unarudi kununua mwingine. Ushauri wake wote usikilize ukijua hilo. Sisemi wote wako hivyo. Wapo wanaojua kazi. Lakini aliyekwambia urea kwenye chungu bapa, hata kama ni mjomba wako, usimwulize tena chochote kuhusu bonsai.

Ule upande uliokufa nimeuchonga ukabaki mti mkavu mweupe, wageni wakija nawaambia ni mtindo wa Kijapani. Mtindo upo kweli, kwenye misonobari. Mti wa bogenvilia ni laini, unaoza, kwa hiyo usanii wangu hautadumu.

Sasa nikuambie kwa nini, ili kesho mtu mwingine asikudanganye kwa mbolea nyingine. Angalia mwiba wa bogenvilia yako umeota wapi. Kwenye kwapa la jani. Na kikonyo cha ua kinaota wapi? Hapo hapo. Mwiba na ua ni kitu kimoja kilichogawanyika njia: kile kijichipukizi cha kwapani kinaweza kuwa kikonyo cha maua au kikaishia kuwa mwiba. Mmea uliojaa naitrojeni na maji unakazana kurefuka, kila kwapa unakupa mwiba. Ukibanwa kidogo, unageukia maua. Kwa hiyo miiba mirefu unayolalamikia ndiyo jibu la swali lako, imekuandikia kabisa kwamba imeshiba.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: usimwagilie mpaka jani lilegee. Asubuhi na jioni sahau, na ile "mara moja kwa wiki" ya kwenye video za nje sahau pia. Hao wako kwenye unyevu wao. Hapa kwetu Oktoba, jua lile na upepo ule, chungu bapa kinaweza kukauka kwa siku moja, wakati Juni baridi ikiingia kitakaa siku kadhaa. Ukifuata kalenda utaua tu, ama kwa kiu ama kwa maji. Jani ndilo linalojua.

Ila kulegea kwenyewe kuna mtego, na ndio ulionimaliza mimi. Saa saba mchana kila kitu Dodoma kinalegea, hata watu. Subiri jua lizame. Likibaki limelegea jioni, chomeka kijiti cha meno au kijiti chochote kikavu kwenye udongo mpaka chini. Kikitoka kikavu, hiyo ni kiu, mwagilia. Kikitoka na unyevu wakati jani limelegea, hiyo mizizi inaoza, na ukiongeza maji unaizika. Na usisubiri mpaka jani likakamae liwe karatasi, hapo umepitiliza, itapukutisha kila kitu na vitawi vidogo vitakufa.

Ukimwagilia, mwaga haswa, mpaka maji yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini. Usinyunyizie kikombe. Maji mengi ya visima huku yana chumvi, wote tunaona ule ukoko mweupe kwenye masufuria. Ukitia maji kidogo kidogo chumvi inabaki chunguni, inarundikana, inaunguza mizizi taratibu. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu au majani yamekuwa ya njano na mishipa imebaki kijani, ujue ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kila ukiweza. Na usimwage majivu kwa kusikia kwamba yana potasiamu. Kweli yanayo, lakini yanapandisha pH, yaani yanaua uchachu wa udongo, na bogenvilia inataka udongo wenye uchachu kidogo.

Rudia hivyo, kiu halafu maji ya kutosha, kiu halafu maji, mpaka uone vitumba vidogo vimeanza kuchomoza kwenye ncha za matawi. Hapo sasa acha kuibana, rudi kwenye maji ya kawaida, maana ikipata kiu kali wakati huo inaangusha vyote. Na usije ukashangaa: yale ya pinki ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kile kibomba chembamba cheupe katikati, kwa kawaida viko vitatu vitatu. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi bila kunyauka.

Na jua. Umesema iko barazani chini ya bati. Itoe. Inataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku kwenda juu. Bila jua hata kiu haitasaidia, utakuwa unaitesa bure. Iweke juu ya ukuta, juu ya stendi ya tenki, popote ambapo mbuzi hafiki. Miiba haimzuii mbuzi, nimeshuhudia.

Chungu kikubwa: hapana. Aliyekuuzia hapo kakosea mara ya pili. Bogenvilia inachanua vizuri mizizi ikiwa imebanana, ukiipa nafasi itahangaika kujaza udongo na maua utayasahau. Hamisha siku ambayo maji hayapenyi tena kabisa, na iwe baada ya maua. Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji, mchanga wa mto wa punje nene, kokoto ndogo, samadi iliyooza kiasi tu.

Mkasi nao. Maua yanakuja kwenye machipukizi mapya, huko nchani. Wenye bonsai tuna ugonjwa wa kukatakata kila ncha inayotokeza ili umbo lisiharibike, halafu tunalia maua hayaji. Kata mara moja baada ya rangi kupukutika, acha yachipue, kisha weka mkasi kabatini hata kama mti unaonekana kama haujachana nywele.

Mbolea ukitaka sana, subiri vitumba vionekane, tafuta NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ambayo namba ya kwanza ni ndogo na ya mwisho ndiyo kubwa, ikoroge kwenye maji nusu ya kipimo kilichoandikwa, na umwage kwenye udongo uliokwisha kulowa. CAN usiguse, nayo ni mbolea ya naitrojeni, ndugu wa urea. Wauzaji wanaziita zote mbili mbolea ya kukuzia, na kukua ndiko tusikokutaka hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuko sehemu nzuri kabisa kwa mmea huu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazil na majirani zake, na unapenda msimu mkavu. Dodoma mvua ni milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, zinaanza karibu na Desemba zinaisha Aprili, baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba. Watu wa nchi zenye mvua za kila siku wanaingiza vyungu ndani ili vikauke, sisi tumepewa ukame bure halafu tunakwenda kuuvuruga kwa ndoo. Zunguka mitaa ya zamani Septemba, tazama bogenvilia za kwenye nyuzio za watu. Hakuna anayezimwagilia, hakuna anayezijua kwa jina, na zimewaka mpaka unafumba macho.

Umeandika utaanza Jumamosi, lakini nawajua watu, inawezekana mkono ulishakuwasha. Kama umeshaiweka, usiku huu huu okota punje zote zinazoonekana, kwangua na udongo wa juu, halafu pitisha maji ndoo baada ya ndoo mpaka uchoke, chungu kiwe kimeinuliwa yasituame chini. Kisha iweke kivulini siku chache bila kuigusa, na uniwekee hapa picha ya kingo za majani. Usiniletee picha ya mti mzima, nataka kingo.