Kupima prosesa za simu za zamani: ya kuzingatia kabla hujajaza jedwali

Anayeanza kazi hii karibu kila mara huanza na jedwali. Safu ya kwanza jina la kifaa, ya pili mwaka, ya tatu megahezi (MHz, mamilioni ya mizunguko ya prosesa kwa sekunde), halafu anapanga kutoka kubwa hadi ndogo na kuona kazi imekwisha. Jedwali hilo linafaa kama orodha ya mali iliyoko kabatini, lakini kuhusu kasi halijasema kitu. Nakuandikia wewe unayeingia sasa, uwe mwanafunzi wa kompyuta au fundi simu uliyevutiwa na vifaa vya kati ya 1996 na 2010, ili nguvu zako uzipeleke panapolipa.

Kama una uwezo wa kutafuta vifaa viwili tu, tafuta iPAQ H3870 na iPAQ H3970. Vyote ni kompyuta za mkononi za Compaq, umbo moja, kioo cha nukta 240 kwa 320, kumbukumbu ya kazi (RAM) ya MB 64, na vyote vilitoka na mfumo wa Pocket PC 2002. Kikubwa kinachovitofautisha ni prosesa. H3870 ina StrongARM SA-1110 inayokwenda MHz 206. H3970 ina PXA250 ya familia ya XScale, MHz 400. Zote mbili ziliuzwa na Intel. Aliyenunua H3970 mwaka 2002 alitegemea kasi ya karibu mara mbili, na nani angemlaumu? Hakuipata. Kufungua programu, kusogeza orodha ndefu, kucheza video: tofauti ilikuwa ndogo mno, na vilikuwepo vipimo ambavyo ile ya zamani iliibuka mbele. Malalamiko yalikuwa mengi mwaka ule.

Sababu zake ndizo somo lenyewe, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Prosesa haifanyi kazi na data iliyoko mbali. Huivuta kutoka kwenye RAM na kuiweka kwenye kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe. Kwenye StrongARM kashe ilikuwa KB 16 za amri na KB 8 za data. XScale ilikuwa na KB 32 na KB 32. Mpaka hapo XScale inaongoza. Lakini njia ya kuifikia RAM ilikuwa karibu MHz 100 kwa zote mbili. Mpishi akiwa mwepesi maradufu lakini anayemchotea maji ni yuleyule, chakula hakiivi mapema. Kila data inapokosekana kwenye kashe, XScale husimama kusubiri, na kwa kuwa saa yake, yaani ile mizunguko inayohesabiwa kwa megahezi, inakimbia zaidi, mizunguko inayopotea bure ni mingi zaidi.

Kuna jambo la pili. Ili kufika MHz 400, XScale iligawa utekelezaji wa kila amri katika hatua saba, wakati StrongARM ilitumia tano. Mstari mrefu wa hatua huruhusu saa kukimbia, ila programu inapofika penye njia panda na prosesa ikabahatisha upande usio sahihi, kazi ya kutupwa ni kubwa zaidi. Na Pocket PC 2002 ilikuwa imeandaliwa kwa StrongARM, haikutumia amri mpya za XScale. Mwaka uliofuata ikaja PXA255. Namba ya kwenye boksi ilibaki MHz 400 ileile, lakini njia ya ndani ya data ilipanuliwa kutoka MHz 100 hadi 200, na safari hii watu wakaliona badiliko. Safu yako ya megahezi isingelionyesha hilo hata kidogo.

Usiniamini kwa maneno. Andika programu fupi kwa lugha ya C inayosoma jedwali la namba kwa kurukaruka, kwanza la KB 4, kisha 8, 16, 32, hadi ufike MB 1, na urekodi muda wa wastani wa kila usomaji. Chora grafu. Kwenye StrongARM utaona mstari unapanda ukivuka KB 8, kwenye XScale unapanda ukivuka KB 32, na baada ya hapo mistari hiyo miwili hukaribiana. Grafu hiyo moja itakufundisha zaidi ya kurasa kumi za maelezo, yangu yakiwemo.

Ukishaielewa, utajua pia namna ya kusoma Dhrystone, kipimo ambacho utakutana nacho katika kila karatasi ya chipu. Kiliandikwa na Reinhold Weicker mwaka 1984, na ni kidogo kiasi kwamba chote hukaa ndani ya kashe. Hakiigusi RAM, kwa hiyo hakiwezi kukuonyesha lile lililoikwamisha PXA250. Wapo wanaokidharau moja kwa moja. Mimi sikubaliani nao. Kina faida ukitaka kulinganisha kiini cha prosesa peke yake. ARM, kampuni inayobuni viini vya prosesa, walitoa kadirio la DMIPS (mamilioni ya amri kwa sekunde kwa kipimo cha Dhrystone) 1.25 kwa kila megahezi kwa kiini chao cha ARM11, na 2.0 kwa Cortex-A8. Chukua T-Mobile G1 ya 2008, yenye ARM11 ya MHz 528, na iPhone 3GS ya 2009, yenye Cortex-A8 ya MHz 600. Kwa megahezi wanapishana asilimia 14 hivi. Kwa hesabu ya Dhrystone ni 660 dhidi ya 1,200. Cortex-A8 iliweza kuanzisha amri mbili kwa mzunguko mmoja, ARM11 moja tu. Kwa hiyo namba ni ya kweli. Kosa ni kuiuliza swali lisilo lake.

Sasa kompyuta za mkononi za Palm, maana kila mgeni hushangaa hapa. Pilot 1000 ya mwaka 1996 ilikuwa na prosesa ya DragonBall ya Motorola, MHz 16, na kumbukumbu ya KB 128. Weka kidole kwenye kitufe cha anwani, orodha hiyo mbele yako, papo hapo. iPAQ yenye megahezi zaidi ya mara kumi ilikuwa inakusubirisha. Je, DragonBall ilikuwa na siri? Hapana, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kioo cha nukta 160 kwa 160, nyeusi na nyeupe, ni baiti 3,200 tu. Kioo cha iPAQ chenye rangi za biti 16 ni baiti 153,600, yaani mara 48. Isitoshe, programu za Palm zilitekelezwa palepale zilipohifadhiwa, bila kunakiliwa kwanza kwenda mahali pengine. Ukimpa msomaji kasi bila kumwambia ukubwa wa kazi, umempa nusu ya habari.

Palm hao hao wana mtego mwingine. Kuanzia Palm OS 5 mwaka 2002, kwenye Tungsten T, walihama kutoka DragonBall kwenda ARM. Ili programu za zamani zisife, waliweka ndani ya mfumo kitu kiitwacho PACE, kinachoiga prosesa ya zamani. Ukichukua programu ya kupima iliyoandikwa enzi za DragonBall ukaiendesha kwenye Tungsten, utapata namba, na itakuwa namba nzuri tu, lakini umempima mwigaji. ARM iliyo chini yake hujaigusa. Swali la kujiuliza kabla ya kipimo chochote: hizi amri zimeandikwa kwa ajili ya chipu gani, na nani anazitafsiri?

Kwenye Android swali hilohilo linarudi kwa sura nyingine. Huawei IDEOS, simu ambayo Safaricom waliiuza Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000 na ikawa Android ya kwanza kwa watu wengi, ilikuwa na chipu ya Qualcomm ya ARM11, MHz 528. G1 nayo ni ARM11 ya Qualcomm, MHz 528. Ziweke mezani, endesha kipimo kilichoandikwa kwa lugha ya Java, na IDEOS inaweza kuiacha G1 mbali. Silikoni haina la kujivunia hapo. IDEOS ilikuja na Android 2.2, ambayo iliongeza uwezo wa kugeuza amri za Java kuwa amri za prosesa wakati programu inaendelea. G1 iliishia Android 1.6, ambako kila amri ilikuwa inafasiriwa moja moja. Ukitaka kuzilinganisha chipu, andika kipimo kwa C na ukigeuze kuwa amri za prosesa kwa kompaila moja na mipangilio ileile.

Na kwenye IDEOS hiyo, fungua faili la /proc/cpuinfo usome mstari wa sifa. Hutaona neno vfp. Maana yake hakuna sehemu ya chipu inayopiga hesabu za desimali. Zote zinapigwa na programu, na gharama yake ni kubwa. Michezo mingi ilikwama kwa sababu hiyo tu. Pia ni ARMv6, toleo la sita la seti ya amri za ARM, na hilo lilikuwa na uzito kuliko kasi: Flash Player ya Android, programu ya kuonyesha video na michezo ya kwenye tovuti, ilihitaji toleo la saba, ARMv7, na Firefox haikuikubali ARMv6 mpaka mwishoni mwa 2012. Kuna wakati jibu la “ipi ina kasi?” ni kwamba mojawapo haifungui programu kabisa.

Hifadhi nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayowadanganya watu wazima wenye vyeti. Samsung Galaxy S ya mwaka 2010 ilikuwa na prosesa ya GHz 1 na bado ikawa inaganda, kwa sababu mfumo wa mafaili wa RFS ulikuwa mzito katika kuandika data. Watumiaji wakabuni njia ya kuuzunguka, na alama za Quadrant, programu ya kupima simu, zikapaa zaidi ya maradufu. Simu kweli ilipata wepesi fulani, lakini prosesa ilikuwa ileile. Quadrant ilikuwa inachanganya alama za prosesa, kumbukumbu, hifadhi na picha, kisha inatoa namba moja. Kipimo kinachokupa namba moja ya jumla, achana nacho, au chukua zile sehemu zake kila moja peke yake.

Dell Axim X50v inaonyesha hilo kwa upande wa pili. Ni kompyuta ya mkononi yenye prosesa ya PXA270 ya MHz 624, na waliopandisha mfumo kwenda Windows Mobile 5 wengi waliiona imekuwa nzito. Mfumo mpya ulihamisha hifadhi kutoka kwenye RAM kwenda kwenye kumbukumbu ya flashi, ambayo huandika taratibu. Faida yake ni kwamba betri ikiisha data haipotei, na kwa maoni yangu ni biashara ya haki. Nokia N95 na N95 8GB nazo zina prosesa moja ya MHz 332. Ya pili iliongezewa RAM kutoka MB 64 hadi 128, na mtu akifungua kivinjari na muziki pamoja anaiona ina kasi zaidi, kumbe kilichopo ni nafasi.

Baki na hili pia: megahezi hazikupanda kila mwaka. HTC Wizard ya 2005 ilikuwa na chipu ya OMAP850 ya karibu MHz 200, chini ya iPAQ ya mwaka 2000. Chipu hiyo ilibeba pia kazi ya mtandao wa simu ndani yake, na watengenezaji walitaka betri idumu. G1 ilikuwa na kiini cha pili cha ARM9, MHz 274, kwa ajili ya mtandao, ambacho matangazo hayakukitaja. Simu si kompyuta ya mkononi iliyoongezewa laini, na ukizipanga kwenye safu moja, sema hivyo.

Kuhusu mezani penyewe. Betri za miaka hiyo zimechoka, nyingine zimevimba. Zilizovimba toa, usizichaji. Kifaa kinachopunguza saa betri ikishuka kitakupa namba mbili tofauti asubuhi na jioni, kwa hiyo pima kikiwa kwenye chaja na uzime redio zote. Kwenye iPAQ za zamani kumbuka kwamba chaji ikiisha kila ulichoweka kwenye RAM kimefutika, matokeo yako yakiwemo. Yahamishie kwenye kadi ya kumbukumbu mapema. Rudia kila kipimo mara kadhaa, tupa mzunguko wa kwanza kwa sababu kashe bado baridi, na uandike thamani ya katikati pamoja na umbali kati ya ndogo na kubwa. Kipimo cha picha kikikupa fremu 30 kwa sekunde kila mara bila kuyumba, shuku kizuizi: HTC EVO 4G ilifungiwa hapo na mtengenezaji, na wengi waliilaumu chipu.

Kama H3870 na H3970 hazipatikani, IDEOS na simu yoyote ya ARMv7 ya 2010 zitatosha kuanzia. Kwa mafundi wa simu bado ziko, mara nyingi kwenye boksi la vipuri. Uliza kwanza kama chaji inaingia, ndipo uulize bei.