Masizi na kompresheni: usifungue injini bado

Ndugu, unasema injini ina miezi minne tangu iundwe upya, plagi zina masizi meusi, na fundi amepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akapata 125 psi akakwambia ringi za pistoni zimekwisha. Pole pole kwanza. Hapo Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini ambayo ingesoma 150 kule pwani hapa itasoma 120 na kitu, na haina ugonjwa.

Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda. Pima injini ikiwa moto, plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya petroli na koili zimechomolewa, betri iwe na nguvu, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini. (Hilo la pedali wengi husahau, kipimo kinasoma chini, kisha mteja analia.) Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili ndani upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, shuku vali. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, tazama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

Masizi makavu kwa kawaida ni petroli nyingi: filta ya hewa, injekta, sensa. Yenye unyevu wa oili pamoja na moshi wa bluu ndiyo habari mbaya. Oili inapungua kiasi gani kwa mwezi?