Kagua Bitana Kabla ya Bei

SWALI

Dada wa kompyuta, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa sasa ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi hapa Tukuyu. Tuko thelathini na wawili. Tunataka tovuti ili wanunuzi watupate wenyewe bila kupitia kwa madalali. Kijana mmoja wa mjini ametuletea jina la tovuti linaloishia na .com, fupi, zuri, na neno parachichi limo ndani. Anataka shilingi 1,800,000. Anasema jina lina umri wa miaka kumi na moja na tayari Google inalijua, ndiyo maana bei iko juu. Wenzangu wameshaanza kuchanga, ila mimi roho inasita. Nitajuaje kama ni jina safi?

Katibu, Tukuyu

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Waambie wenzako wasimamishe mchango kwanza.

Baridi ya Juni imetufundisha watu wa Mbeya kununua koti la mtumba pale Mwanjelwa. Hakuna anayetazama kola akalipa. Unaligeuza ndani nje, unakagua bitana, unaingiza mkono kila mfuko, na wapo wanaonusa kwapa mbele ya muuzaji bila haya yoyote (mama yangu ni mmoja wao). Jina la tovuti lililowahi kutumika nalo ni mtumba. Kuna mtu alilivaa kabla yako, na alikopita nalo ndiko kwa kuulizia.

Uliniandikia jina lenyewe, nami sitalitaja hapa. Nilikaa nalo Jumanne usiku, chai pembeni. Dakika kama arobaini, na sikulipa hata senti.

Nilianza na umri. Kila jina lina kumbukumbu za usajili ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mafundi tumezizoea kwa jina la Whois, ingawa kwa .com siku hizi zinasomwa kwa mfumo mpya unaoitwa RDAP. Ingia lookup.icann.org, andika jina, soma. Jina la mwenyewe mara nyingi utakuta limefichwa, zaidi tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika mwaka 2018. Tarehe hazifichwi. Jina lenu limesajiliwa mwaka 2023.

Mbona yeye anasema miaka kumi na moja? Huenda hadanganyi, huenda hajui. Jina lisipolipiwa hufutwa, na mtu mwingine akiliokota huhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo koti ni la zamani kweli, ila katikati lilitupwa jalalani. Swali langu likawa: nani alilitupa, na kwa nini?

Hapo nikaenda kwenye Wayback Machine, ghala la Internet Archive ya Marekani, ambayo imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za intaneti tangu 1996. Unaandika jina la tovuti, unaletewa kalenda, unabofya mwaka unaotaka. Mwaka 2014 jina lenu lilikuwa la mtu aliyeandika mapishi kwa Kiswahili. Kuna kachumbari ya parachichi pale ambayo nimeinakili, nisamehe. Baada ya 2018 ni kimya. Kuanzia 2020, Mwalimu, ni kamari. Kurasa kwa mamia, lugha ya kigeni, picha za karata na sarafu za dhahabu. Halafu kimya tena hadi 2023. Usibofye mwaka mmoja ukaridhika, pitia yote. Na ukikuta ghala halina kitu, usilihesabu jina kuwa safi kwa sababu hiyo, maana mwenye tovuti anaweza kuomba kurasa zake zisihifadhiwe.

Kisha Google. Andika site: na jina hapo hapo bila nafasi, uone kurasa gani bado inazo. Kwa jina lenu zilitoka chache, zote za karata. Google inalijua kweli, lakini kwa sura hiyo. Na kuhusu hiyo "nguvu" ya kujulikana na Google anayoiuza kijana: Machi 2024 Google ilitangaza kwamba kununua jina lililokwisha muda ili kupandisha kurasa zisizo na maana kwenye matokeo ya utafutaji kwa kutumia sifa ya mwenye jina wa zamani ni udanganyifu inaouadhibu. Nyinyi mnauza parachichi la kweli, hamguswi na hilo. Ila msilipie nguvu ambayo Google yenyewe inaipiga vita.

Sasa kilichoniuma mimi. Mwaka 2021 nilimnunulia mteja wa Iringa, mama mwenye nyumba ya wageni, jina lililokwishatumika. Nilisoma tarehe ya usajili, nikaona inatosha. Wageni wakawa wanaomba bei kwa barua pepe, mama anawajibu, kimya. Tukasema msimu ni mbaya. Baada ya wiki sita mgeni mmoja akapiga simu kulalamika kwamba hajibiwi, akafungua sanduku la barua taka akiwa bado hewani, na majibu yote ya mama yalikuwa humo. Mwenye jina wa kwanza alikuwa akilitumia kutuma matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Jina lilikuwa kwenye orodha ya Spamhaus, ambayo watoa huduma wengi wa barua pepe huitazama kabla ya kupokea barua. Kuliangalia jina humo ni bure, sekunde chache tu. Sikuangalia. Nilimnunulia mama jina jipya kwa hela yangu, na mpaka leo nikipita Iringa ananiuliza kama zile dawa zimepata wateja.

Jina lenu Spamhaus halimo, nimeona. Ukurasa wa Google wa usalama wa tovuti nao hauna tahadhari. Linaweza kusafishika, basi, lakini kwa jasho na miezi, na si kwa 1,800,000.

Mkiamua kulichukua hata hivyo, kwanza huyo kijana athibitishe ni lake. Mpe neno lolote, hata jina la mto Kiwira, aliweke kwenye ukurasa wa mbele kabla jua halijazama. Mwenye funguo hashindwi. Pili, hela ikae kwa mtu wa kati mnayemwamini wote mpaka jina liingie kwenye akaunti ya kikundi. Nimeandika ya kikundi. Si ya fundi, si ya mpwa wa mwenyekiti. Nimeona vikundi vitatu vikipoteza tovuti kwa sababu jina lilisajiliwa kwa simu ya kijana aliyehamia Dar.

Mimi kwa upande wangu ningechukua jina jipya la .co.tz. Ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, halijavaliwa na mtu, na mnunuzi akiliona anajua mko Tanzania. Kabla ya hapo muulize BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama jina hilo la biashara halijachukuliwa na mwingine. Ndaga fijo kwa barua, na kwa kuandika jina lenyewe. Wengi huniuliza wakificha kitu ninachopaswa kukikagua.

SWALI LA PILI

Jina la kampuni yetu ya mbao, la .com, lilikwisha muda wiki tatu zilizopita. Fundi anasema limeshapotea. Ni kweli?

Msomaji, Mafinga

JIBU

Bado. Baada ya .com kukwisha muda, msajili, yaani kampuni mliyosajilia jina, anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa kama kawaida, ingawa wengine hutoa chache kuliko hizo. Likifutwa hapo, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada iliyo kubwa, halafu siku 5 ambazo hakuna awezaye kuligusa, na baada yake ni la yeyote atakayewahi. Huyo atakayewahi atapokea na barua pepe zenu, ankara za wateja zikiwemo. Mpigie msajili leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.