Mdogo wako kuhama kwenu: jibu la mwenye kiti cha magurudumu, Kisumu

Dada, umeuliza kama mumruhusu mdogo wako atoke Ahero apange bedsita hapa Kisumu, ilhali ajali ya bodaboda imemwacha kwenye kiti cha magurudumu na mama anauliza nani atamgeuza usiku. Mimi pia natumia kiti, nimepanga Manyatta, na naanza na hili: ni mtu mzima, anatengeneza simu, anajilipia. Ruhusa si yenu kutoa. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, kinampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani kama mtu mwingine yeyote.

Tena si lazima aweze kila kitu ndipo ahame. Mimi kila asubuhi naogeshwa na kuvalishwa. Kijana anayenisaidia nimemtafuta mwenyewe, namlipa mwenyewe, saa ya kuamka napanga mimi, na asiponifaa tunaachana. Kwetu nilikuwa naoga shemeji akipata nafasi, na anayekusaidia bure utamlalamikia vipi? Ed Roberts, Mmarekani aliyepoozeshwa na polio kuanzia shingoni na kulala ndani ya mashine ya kupumulia, alisoma chuo kikuu Berkeley kwa mtindo huohuo wa kuwaelekeza wasaidizi wake. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua kituo cha kusaidia watu kuishi kwa kujitegemea, kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe.

Hofu ya mama msiidharau, lakini. Vidonda vya kulalia huua. Mpelekeni kwa mtaalamu wa viungo: kama mikono ina nguvu, anaweza kufundishwa kujigeuza kitandani na kujinyanyua kitini mara kwa mara. Matako na visigino vikaguliwe kila siku, kwa kioo akiwa peke yake. Mwanzoni msaidizi alale hapohapo.

Nyumba mtahangaika. Aje na futi apime mlango wa choo kabla ya kutoa hata shilingi ya deposti, maana bedsita nyingi kiti kinaishia nje ya choo. Aulize maji hukatika siku ngapi. Kuna landilodi aliyeninyima nyumba ya chini akidai hataki lawama nikianguka. Nilimwacha na nyumba yake. Mteremko wa saruji mlangoni fundi yeyote wa mtaa atautengeneza, mradi usiwe mkali.

Usafiri nitasema kwa ufupi: kifungu cha 54 cha Katiba kinataja usafiri wa umma, ila makanga wa Kondele akikuona na kiti anageuka kiziwi, au anadai nauli ya watu wawili. Tafuteni dereva mmoja wa tuktuk anayejua kukikunja.

Sasa usinikasirikie: namba ya siri ya M-Pesa yake anaijua nani? Kama mama ndiye hutoa pesa na kumgawia, basi hata akipanga Milimani, mtaa wa wenye pesa, atakuwa bado kwenu. Aibadilishe, ashike pesa zake, msaidizi alipwe kutoka mkononi mwake. Akipunjwa atajifunza, kama nyinyi mlivyojifunza.

Akitaka kuona nilivyopanga kitanda na choo changu, aniandikie mwenyewe, asipitie kwako. Tuktuk hufika hadi mlangoni.