Weka nakala kabla ukurasa haujafungwa

Asubuhi moja nilitaka kumtumia rafiki makala niliyoiandika kuhusu albamu ya kwanza ya kikundi cha watu watatu waliojirekodi chumbani na kuuza nyimbo zao wenyewe. Kiungo hakikufunguka. Nikajaribu kingine, cha mahojiano na mshairi, nacho vilevile. Jarida la mtandaoni nililoliandikia kwa miaka minne lilikuwa limezimwa bila sisi waandishi kuambiwa, na tahakiki zangu 37 zikaenda nalo. Nilibaki na rasimu tisa, tena za kabla mhariri hajazigusa.

Uchungu ule haujaniisha. Wewe unayeandika kuhusu vitabu na muziki huru, au unayevipenda tu, usiuachie mtandao ukutunzie.

Usidhani waliopotezewa ni wa majarida madogo peke yao. Mwaka 2019 Myspace, mtandao wa kijamii ambako wanamuziki wengi walipakia nyimbo zao, ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva, nazo zilikadiriwa kupita milioni 50. Mwezi Juni 2024 makala za MTV News, tovuti ya habari za muziki, za zaidi ya miaka ishirini ziliondolewa mtandaoni. Lakini nyimbo karibu 490,000 za Myspace zilirudi baadaye kupitia Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kwa sababu kundi la watafiti lilikuwa limezipakua zamani kwa ajili ya kazi yao. Ziliokolewa na nakala iliyokuwa mikononi mwa watu.

Siku hizi makala yangu ikitoka, siku hiyohiyo naihifadhi kama PDF, kisha napeleka kiungo chake Wayback Machine, huduma ya Internet Archive inayohifadhi nakala za kurasa za mtandaoni, ili ukurasa wenyewe unaswe. Ni kazi ya dakika chache. Maandishi hunaswa vizuri, ila kicheza muziki kilichopachikwa ndani ya makala mara nyingi hubaki kisanduku kitupu. Wimbo lazima uutunze kando.

Na ada unayolipa kila mwezi ili usikilize haikupi umiliki. Albamu ninayoipenda nainunua, kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, au kwa msanii mwenyewe, na naipakua palepale katika FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Folda naipa jina la msanii, mwaka, kisha jina la albamu. Ndani yake naweka faili moja ya maandishi, na hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote: nani alipiga besi, nani alichanganya sauti, nani alichora jalada, na yale msanii aliyoyaandika kwenye ukurasa wake. Katika folda ya kile kikundi cha watu watatu kuna sentensi inayosema ngoma zilirekodiwa usiku, zikiwa zimefunikwa taulo ili majirani wasiamke. Bila sentensi hiyo, msikilizaji wa kesho atasikia mdundo uliofifia na asijue kabisa ulitokana na nini.

Diski za kutunzia folda hizo ziwe mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Zifungue mara kwa mara usikilize, maana diski huharibika hata ikiwa kabatini.

Kabla ya kutuma kazi kwa mhariri, uliza pia haki zitarudi kwako lini na jarida likifungwa itakuwaje, na jibu lipatikane kwa maandishi. Mwanzoni niliona haya kuuliza. Hadi leo hakuna mhariri aliyenikasirikia kwa swali hilo.

Mwezi uliopita mpiga besi wa kile kikundi alinitumia picha. Makala yangu alikuwa ameiprinti zamani akaikunja ndani ya mfuko wa gitaa. Nimekaa jioni nzima nikiinakili neno kwa neno. Aya ya mwisho imekatika pale karatasi ilipochanika, na nimeiacha hivyohivyo.